Nairobi Imeinama Kuelekea Mashariki

Kwetu upande wa Embakasi, mashariki mwa Nairobi, mto unaweza kufura hata kama paa la nyumba yako limekauka. Mvua imenyesha Dagoretti, imenyesha Westlands, na huku kwetu nyota zinaonekana. Baadaye kidogo unasikia maji yakivuma chini ya daraja la miguu. Asubuhi unakuta matambara, chupa za plastiki na majani ya migomba yamenasa kwenye vyuma vya daraja. Nikiwa mdogo nilimuuliza marehemu baba maji hayo yametoka wapi ilhali sisi hatukunyeshewa. Akanijibu, "Mwanangu, Nairobi imeinama." Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, na kadiri ninavyozidi kusoma kuhusu kaunti yetu na jinsi inavyoongozwa, ndivyo ninavyoona kwamba mzee alinipa somo lote kwa maneno mawili.

Kaunti ya Nairobi ni ya 47, ya mwisho katika orodha iliyo kwenye Katiba. Ukubwa wake ni takriban kilomita 696 za mraba, kidogo sana ukilinganisha na kaunti nyingine. Magharibi, huko Karen na Dagoretti, ardhi iko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Ruai, mashariki, imeshuka hadi karibu mita 1,500. Ukiwa ndani ya matatu huwezi kuusikia mteremko huo, maana umetandazwa polepole kwenye mwendo mrefu. Maji huusikia. Udongo pia hubadilika njiani: kule juu ni mwekundu, unakunywa mvua na kuotesha miti mikubwa. Huku chini ni ule mweusi unaonata, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na masika ikifika hung'ang'ania kiatu mpaka kikuvuke. Muulize fundi yeyote wa Eastlands, atakwambia kwamba kabla ya kuweka msingi lazima achimbe udongo huo na kuuondoa, na kwamba pesa nyingi za nyumba huzikwa pale kabla hata jiwe la kwanza halijalazwa.

Mito yetu mikuu ni mitatu: Nairobi, Mathare na Ngong. Mto Nairobi chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, yaani tayari uko Kaunti ya Kiambu kabla hata haujaitwa kwa jina la jiji. Hupita Dagoretti, ukaja Chiromo, ukapita Globe na Gikomba, ukaendelea Korogocho na Dandora. Mto Ngong hupita kwenye Bwawa la Nairobi, ukapenya katikati ya Industrial Area na Mukuru. Yote mitatu hukutana upande huu wetu wa mashariki, ikaingia Mto Athi, na Athi ndiyo hiyo inayoitwa Galana mbele ya safari, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo mfuko wa plastiki ulioanguka Kawangware una njia iliyo wazi mpaka pwani. Nataka msomaji aishike picha hiyo, kwa sababu serikali tuliyo nayo haikuchorwa kwa kufuata maji.

Jiji lenyewe lilianza pale reli ilipotua kupumzika. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi, na wahandisi wakapenda hapo kwa sababu palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya kuanza kupanda vilima vya magharibi. Waliohitaji uwanja wa kuweka mabehewa walipata walichotaka. Waliokuja kuishi baada yao ndio waliorithi kinamasi. Wakoloni wakajichukulia miinuko yenye hewa safi na udongo mwekundu. Wahindi wakapata Parklands na Ngara. Mwafrika akaelekezwa chini: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni. Mpango huo ulikuwa wa rangi, lakini ulitumia mteremko kama rula. Na ukikaa huku kwetu utaona rula hiyo haijaondolewa mezani. Majitaka ya jiji hukusanywa na kuletwa Ruai kusafishwa. Jaa la taka liko Dandora tangu 1975. Sisemi haya kwa uchungu wa kabila wala wa tabaka, nasema kwa sababu mtu anayetaka kuelewa bajeti ya kaunti hii lazima kwanza ajue kitu gani huteremkia wapi.

Angalia hesabu ya sensa ya 2019. Kaunti nzima ilikuwa na watu 4,397,073, kutoka 3,138,369 mwaka wa 2009. Embakasi peke yake ilikuwa na watu 988,808, na Njiru 626,482. Mathare ilihesabu watu 206,564 kwenye eneo la kilomita tatu hivi za mraba, yaani zaidi ya watu 68,000 kwa kila kilomita ya mraba. Lang'ata haikufikisha hata 1,000 kwa kilomita moja, kwa sababu ndani yake mna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, yenye kilomita 117 za mraba. Tafakari hilo: kama sehemu moja kati ya sita ya kaunti yetu ni ya simba, vifaru na twiga. Naipenda mbuga hiyo kwa moyo wote, na Msitu wa Karura vilevile. Lakini watu wengi wanapoambiwa Nairobi ina kilomita 696, hawaambiwi kwamba ardhi ya kuishi ni ndogo kuliko hapo.

Mambo ya utawala wa zamani nitayapitia haraka. Jiji lilipewa hati ya kuwa jiji mwaka wa 1950. Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika mwaka wa 1962. Mwaka wa 1983 baraza likavunjwa, tukaongozwa na tume hadi 1992, na madiwani wakarudi. Kutoka enzi hizo tulibakiwa na neno moja ambalo halijafa, kanjo, yaani askari wa baraza. Baraza lenyewe lilizikwa mwaka wa 2013, ila mama mboga akiona gari lao bado hupaza sauti, "Kanjo!" na mitaa mizima inaanza kukunja magunia.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyotupa tulicho nacho sasa. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, Nairobi ni jiji na ni kaunti kwa wakati mmoja. Tuna gavana na naibu wake, mawaziri wa kaunti, na bunge la kaunti ambalo wajumbe wake wengi huchaguliwa kutoka wadi 85. Maeneobunge yaliyokuwa manane yakawa 17. Embakasi ya zamani pekee ilikatwa vipande vitano. Juu ya hao tuna seneta, mwakilishi wa wanawake na wabunge 17 wanaokaa Bunge la Taifa, kila mmoja na hazina ya maendeleo ya eneobunge lake. Halafu kuna mkono mwingine kabisa: kamishna wa kaunti, manaibu wake, machifu na manaibu wa chifu, wote wa serikali kuu. Hata ramani zao ni mbili. Ya serikali ya kaunti ina kaunti ndogo 17 zinazofuata maeneobunge. Ile iliyotumika kwenye sensa ya 2019 ilikuwa na 11. Mtu mmoja anaweza kuwa amelala kitanda kimoja miaka kumi na bado akawa mkaazi wa kaunti ndogo mbili zenye majina tofauti.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Niliyaelewa kwa sababu ya mtaro.

Barabara inayopita mbele ya ploti yetu ina mtaro wa kubeba maji ya mvua, na mtaro huo unavuka chini ya lami kwa bomba la saruji, kisha unateremka kati ya nyumba hadi mtoni. Masika moja ukaziba. Maji yakajaa barabarani, yakaingia kwenye kibanda cha mama anayetuuzia chai na mandazi, yakazima jiko lake. Tulizibua kwa majembe. Wiki iliyofuata yakajaa tena. Mama akaniambia, "Wewe si ndiye unaandikaandika? Twende basi tukaulize mwenyewe ni nani."

Tulianza kwa chifu, kama alivyozoea mama tangu miaka ya sabini. Mzee alitupokea vizuri, akatukalisha. "Mama," akasema, "mimi nikiona kuna hatari ya watu kufa maji nitaandika barua na nitawahamisha. Lakini mtaro si wangu. Mimi ni wa serikali kuu. Mtaro ni wa kaunti." Tukaenda afisi ya pili, ya upande wa kaunti. Kijana aliyekuwa zamu akatuuliza barabara ni ipi, tukamtajia. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo barabara haiko kwenye orodha yetu, ni ya mamlaka ya barabara. Na mtaro wa barabara unafuata barabara." Afisi ya tatu, wakatwambia kweli barabara ni yao, lakini wajibu wao unaishia kwenye ukingo wa lami. Maji yakishatoka hapo ni maji ya mjini, na maji ya mjini ni ya kaunti.

Nikarudi nyumbani nikafungua Jedwali la Nne la Katiba, ambalo ndilo linalogawa kazi kati ya serikali mbili. Barabara kuu za taifa ni za serikali kuu. Barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho ni za kaunti. Mifumo ya kuondoa maji ya mvua kwenye maeneo yaliyojengwa ni ya kaunti. Polisi ni wa serikali kuu. Zimamoto ni wa kaunti. Shule ya msingi ni ya serikali kuu, ya chekechea ni ya kaunti, na pengine ziko ndani ya ua mmoja. Hospitali Kuu ya Kenyatta ni ya taifa. Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy ni za kaunti. Nikasoma mara tatu, na nikatambua kwamba afisi zile tatu hazikutudanganya. Kila moja ilisema kweli kuhusu kipande chake. Maji ndiyo hayakuwa yamesoma Jedwali la Nne.

Jumamosi moja mimi na vijana wawili wa mtaani tuliingia mtaroni wakati wa kiangazi. Nilitaka kuona kinachoziba. Tulitoa godoro la mtoto, magunia mawili yaliyojaa mchanga, na nywele za saluni zilizosokotana na mizizi mpaka zikawa kamba. Lakini hayo hayakuwa chanzo. Chanzo kilikuwa pale ambapo bomba la chini ya lami linakutana na bomba linaloelekea mtoni. La juu ni pana, mtoto wa darasa la nne anaweza kupita akiinama. La chini ni jembamba, ndoo kubwa haipiti. Aliyejenga la juu alijenga kwa hesabu ya barabara yake. Aliyejenga la chini alijenga kwa hesabu ya mtaa wake. Wote wawili huenda walikuwa mafundi wazuri, maana saruji ya pande zote mbili bado ni ngumu. Ila hakuna aliyesimama pale kwenye kiungo na kuuliza mwenzake anajenga upana gani. Nilipapasa ukingo ule kwa mkono, ile ngazi ya saruji inayotega kila kinachopita, nikahisi kama nimeshika mahali halisi ambapo serikali moja inaisha na nyingine inaanza.

Tangu siku hiyo naviona viungo hivyo kila mahali. Panda matatu ya Thika Road ushuke Githurai. Hapo kuna Githurai 44 na Githurai 45, majina yaliyotokana na nambari za njia za basi. Ya kwanza iko Nairobi, ya pili iko Kiambu. Kahawa West ni Nairobi, Kahawa Wendani na Kahawa Sukari ni Kiambu. Watu ni walewale, soko ni lilelile, lakini leseni ya kibanda hulipwa kwa magavana wawili tofauti kulingana na upande uliotandika gunia. Ruaka iko Kiambu, Rongai na Kitengela ziko Kajiado, Syokimau na Mlolongo ziko Machakos. Alfajiri watu wa huko kote humiminika jijini. Wanatumia barabara zetu, hospitali zetu na vyoo vya jiji letu, jioni wanarudi kuhesabiwa kwingine. Na sisi tunawadai nini? Maji tunayokunywa si yetu. Sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994. Mengine hutoka Sasumua, Nyandarua, na Ruiru, Kiambu. Mvua ikigoma kule Aberdare, huku kwetu tunapanga mitungi ya lita 20 kusubiri mwenye mkokoteni. Tunakunywa maji ya jirani wa juu, tukishayachafua tunamsukumia jirani wa chini, watu wa Machakos na wa mbele zaidi, ambao hawajawahi kupata kura katika uchaguzi wowote wa Nairobi.

Mara kadhaa viongozi wamejaribu kuunganisha vipande. Mwaka wa 2008 iliundwa wizara nzima ya maendeleo ya Nairobi na viunga vyake, ikafifia serikali za kaunti zilipokuja. Mwaka wa 2017 ikaundwa mamlaka ya uchukuzi inayohusisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wazo hilo naliunga mkono kabisa, kwa sababu matatu ya Rongai haisimami mpakani. Kisha Februari 2020 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia saini hati ya kukabidhi serikali kuu majukumu ya afya, uchukuzi, ujenzi na huduma nyingine, pamoja na mipango ya jiji. Ikaanzishwa idara maalumu, Nairobi Metropolitan Services, ikiongozwa na mwanajeshi, Mohamed Badi, hadi mwaka wa 2022 majukumu yaliporudi City Hall, makao ya serikali ya kaunti. Wapo majirani zangu wanaoukumbuka wakati huo kwa wema, wanasema visima vilichimbwa na barabara zikakwanguliwa. Siwapingi, walichokiona walikiona. Mimi kilichonisumbua ni kwamba kwa miaka ile mwakilishi wa wadi niliyempigia kura ningeweza kumuuliza jambo, na jibu lake la haki lingekuwa kwamba hayo hayako mikononi mwake. Kuondoa kiungo kwa kumwondoa mwenye nyumba si ukarabati.

Aprili 2024 mafuriko yalipopiga jiji, watu wa Mathare waliokaa kandokando ya mto ndio walioamka wakiwa majini. Walikufa watu. Baadaye zikaja amri za kuhama kingo za mito, na matingatinga. Nilikwenda kumtazama rafiki aliyepoteza chumba chake, nikamkuta anaanika vitabu vya mtoto kwenye waya wa nguo, ukurasa mmoja mmoja. Aliniuliza kwa nini hakuna aliyetumwa kuwaonya wakati mvua inaanza kule juu. Swali hilo sijaweza kuliweka chini mpaka leo. Mto wa Mathare haushuki kutoka mbinguni. Unapita kwenye mitaa yenye ulinzi, lami na simu. Maji ya mvua yaliyokuwa yakinywewa na udongo mwekundu sasa yanaanguka kwenye maegesho ya magari na mapaa ya maghorofa, hayana pa kuzama, yanakimbia. Kila kibali cha ujenzi kinachotolewa juu ni ndoo ya maji inayomwagwa chini. Ningependa afisa anayekitoa awe na ramani ya mteremko ukutani, mbele ya macho yake, si ramani ya wadi pekee.

Turudi kwenye mtaro. Kilichotusaidia kilikuwa kalenda. Sheria ya fedha za umma inaitaka kaunti ipeleke mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katikati ya tarehe hizo wananchi wanapaswa kusikizwa. Sisi tulikuwa na mazoea ya kupiga kelele Mei, wakati maji yameingia nyumbani na pesa zimeshagawanywa. Mwaka huo tulikwenda mapema, kavu, kukiwa na vumbi.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa kijamii, viti vya plastiki, watu kama sitini. Wengi walizungumzia basari na taa za mitaani, na wana haki. Mama wa chai alipopewa nafasi alisimama na kamba ya katani mikononi. Alikuwa amenituma nipime mabomba yote mawili kwa kamba na kufunga fundo kila mwisho. Akaishika mafundo mawili mbali mbali, akasema, "Mheshimiwa, huu ndio mdomo wa juu." Akasogeza mkono. "Na huu ndio wa chini. Mtoto akinywa uji hivi atapaliwa." Ukumbi ukatulia. Mheshimiwa aliomba aletewe ile kamba, akaiangalia, akaikunja, akaitia mfukoni.

Ilichukua miezi. Mwishowe asubuhi moja walikuja maafisa wawili siku moja, mmoja wa barabara, mmoja wa kaunti, na inaonekana ndiyo mara ya kwanza walikuwa wamekutana. Walishuka mtaroni na viatu vya mpira. Mimi nilishika mwisho mmoja wa futikamba. Wa barabara alisoma sentimita 90. Wa kaunti alisoma 60. Kila mmoja aliandika kwenye daftari lake, kisha wakabadilishana madaftari na kunakili ya mwenzake.

Mama alikuwa amesimama juu na birika mkononi. "Wanangu," akawauliza, "mkilipanua hili la chini, maji yote yatapita. Sawa. Na yakipita, kule mbele yatamkuta nani?"

Walitazamana. Kisha wa kaunti akafunga daftari, akasema twende tukaone, na sote wanne tukaanza kuufuata mtaro kuteremka kuelekea mtoni.